Mhariri, hiyo bure tumeshailipia

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu wewe na wenzako wote hapo ofisini. Mimi ni mama wa mitumba hapa Morogoro mjini, gazeti lako nalisoma kwa hisani ya jirani yangu anayeuza magazeti, asubuhi ananipa nakala nasoma taratibu bila kulikunja afu namrudishia kabla ya saa nne aliuze (nisamehe kwa hilo, siku nikifungua belo zuri nanunua). Sasa wiki mbili zilizopita kuna msomaji aliandika kwamba ujamaa ndo uliotulemaza Watanzania, tumezoea kubebwa, kila kitu tunataka serikali itupe bure, na kama tusingepoteza muda na Azimio la Arusha, lile la Nyerere la 1967 lililotangaza ujamaa, saa hizi tungekuwa mbali. Nimeisoma ile barua mara mbili. Kuna mahali nakubaliana naye kabisa, tena mi nina sababu kuliko yeye maana nahisi ni kijana, ila kuna kitu hajakiona na sio yeye peke yake.

Ngoja nianze na yale atakayoyapenda.

Nimezaliwa 1966 Iringa vijijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima walikuwa wanakusanyika chini ya mti na redio moja, wanasikiliza kipindi, mmoja anayejua kusoma anawasomea kitabu, wanajadili afu kila mtu anaenda kwake kuchimba choo. Baba yangu akachimba choo kirefu mpaka sisi watoto tukakatazwa kusogea hadi kiwekwe magogo juu. Alikuwa anajivunia kile choo kama mtu aliyenunua gari, mgeni akija hata kama hajabanwa anaonyeshwa. Mwaka uliofuata, 1974, operesheni ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa ikafika kwetu. Wakaja mgambo wakasema tuhame, baba akasema asubiri avune, wakarudi siku nyingine wakatia kiberiti paa la nyasi na sisi tumesimama tunaangalia. Mama alitoka na chungu, blanketi moja na kuku wawili kwenye tenga. Choo kikabaki kulekule na magogo yake. Baba mpaka anaingia kaburini alikuwa anasema serikali ilinichimbisha choo afu ikanihamisha nikajisaidie porini, na mtu asimwambie habari za ujamaa.

Kwa hiyo mtu akiniambia ujamaa ulikuwa na fimbo, mimi hilo silisomi kitabuni.

Na njaa ya vitu nayo naijua. Miaka ya 81, 82, 83 sukari ilikuwa inapimwa kwa balozi wa nyumba kumi, sabuni hakuna, tulifulia majani ya mpapai, unga wa njano tuliouita Yanga tulikula mpaka tukauchukia. Ukisikia duka la kijiji limeleta kanga unakimbia kupanga foleni bila kuuliza wanauza rangi gani. Wengine watasema ni vita ya Kagera, ni bei ya mafuta, ni Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, sawa yote yalikuwepo, lakini pia mashirika ya umma yalikuwa yanaliwa na watu wenye Kaunda suti na sisi tulikuwa tunawaona. Afu 1983 ikaja vita ya wahujumu uchumi, serikali inasaka walioficha bidhaa, watu wakawa wanatupa mali mtoni usiku wasikutwe nayo. Kwakweli ilipokuja ruksa ya mzee Mwinyi, rais aliyemfuata Nyerere akafungua biashara, nilishangilia na mitumba ikaingia na ndo mpaka leo nakula hapo. Meza yangu imesimama kwa sababu ule mfumo ulikufa, siwezi kujifanya sijui.

Lakini sasa sikiliza na upande wa pili maana msomaji wako huu kauruka.

Kule tulikohamishiwa miezi ya kwanza tulilala kwenye vibanda vya majani mvua inatunyeshea. Afu watu wakaanza kufyatua matofali. Mimi nilibeba, ndugu zangu walibeba, hata baba na hasira zake alibeba. Yakasimama madarasa, ikasimama zahanati yenye mganga mmoja na kabati la dawa, klorokwini chungu ile ulikuwa unamezeshwa palepale mbele yake na hukudaiwa senti. Kule tulikotoka shule ilikuwa mwendo wa masaa mawili na mtoto wa kike nani angemwachia, huku ilikuwa ng'ambo ya kiwanja. Nikaanza darasa la kwanza 1975 nikiwa na miaka tisa, ada ilishafutwa. Mama yangu na mashangazi nao wakaingia kisomo cha watu wazima, ngumbaro, jioni wakitoka shamba. Mama alijifunza kuandika jina lake na namba mpaka mia na ile daftari aliitunza kwenye sanduku la nguo hadi amefariki. Kufika katikati ya miaka ya 80 serikali ilikuwa inatangaza karibu asilimia 90 ya watu wazima wanajua kusoma na kuandika, hata kama walizidisha kidogo, mimi mama yangu nilimwona kwa macho yangu.

Sasa niambie hiyo niiweke wapi. Nyumba walichoma wao na kusoma nilifundishwa na wao. Nimeshindwa kuchagua moja nikaitupa nyingine, na nikisikia mtu anaongelea ujamaa kwa sentensi moja tu, uwe mzuri au mbaya, najua huyo hakuwepo.

Miaka ya 90 ndo ikaja kuchangia gharama. Hospitali za serikali zikaanza kutoza kama 1993 hivi, shuleni michango juu ya michango, mtoto wangu wa kwanza alikuwa anarudishwa nyumbani kila mwezi. Kipindi kile msomaji wako angekipenda, kila mtu apambane na hali yake, na tulipambana, matokeo yake mwaka 2000 watoto wa umri wa shule ya msingi waliokuwa darasani hawafiki asilimia 60. Ada ikafutwa tena 2001, ukaja MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, Januari 2002 madarasa yakafurika watoto wa miaka kumi na moja wanaanza la kwanza wamekaa chini na wadogo zao. Kama watu walikuwa wavivu wanaopenda kubebwa, wale watoto walikuwa wapi miaka yote ile? Walikuwa wanauza karanga.

Turudi leo. Mbele ya meza yangu kuna kijiwe cha bodaboda, ile barua niliwasomea kwa sauti na walishangilia. Dogo mmoja, yule anayejua siasa kuliko wote, akasema ndo ukweli huo mama, ujamaa ulikuwa kugawana umaskini tu. Nikamuuliza, mwanangu, we sekondari umelipa ada shilingi ngapi? Akasema hakulipa, aliingia form one 2016, mwaka uleule ada ilipofutwa mpaka form four. Mkeo kajifungulia wapi? Hospitali ya serikali, kwa oparesheni. Bili ilikuwa ngapi? Hakuna bili, ila hapo akaanza kuwaka, aliambiwa akanunue glavu, kanula, mpira na uzi wa kushonea duka la nje, saa sita usiku, kazunguka na pikipiki maduka matatu, wakati wanasema huduma ya mama na mtoto ni bure, sasa huo si wizi mama? Na bimkubwa wako kule Kilosa? Yupo TASAF, ule mpango wa serikali wa kuzipa hela kaya maskini, lakini awamu hii malipo yamechelewa na hajui ni kwanini, amepanga kwenda kuwauliza halmashauri. Nikamwambia sasa baba wewe si mjamaa kuliko mimi! Kijiwe chote kikacheka. Yeye hakucheka, akabisha kabisa: "Hapana mama, hiyo sio ujamaa, hiyo ni serikali."

Mhariri, hilo jibu nimelala nalo siku nyingi, na ndo limenifanya nikuandikie.

Maana dogo hajakosea sana. Kwake yeye ujamaa ni foleni ya sukari aliyohadithiwa na bibi yake, ni mgambo na kiberiti. Zahanati sio ujamaa, shule sio ujamaa, hivyo ni vitu tu ambavyo vipo kama mvua ilivyopo. Ukimwambia vifutwe atakupiga. Hata yule msomaji wako, nimepitia barua yake tena, hakuna mahali kasema zahanati zifungwe au watoto warudishwe nyumbani kwa ada. Anachukia neno tu. Na wakubwa wa serikali, wao wamefanya kinyume chake, neno wamelibakiza na mambo yake wakayaacha. Binti yangu wa mwisho alinifungulia Katiba kwenye simu, ibara ya 3 mpaka leo inasema nchi yetu ni ya kidemokrasia na ya kijamaa, ibara ya 9 inataja Ujamaa na Kujitegemea, wakati kule Zanzibar 1991 chama tawala, CCM, kilishawaruhusu viongozi wawe na hisa na nyumba za kupangisha na mishahara miwili, vitu ambavyo Azimio la 1967 lilivikataza. Binti akaniuliza mama sasa sisi ni nini? Nikamwambia sisi tunauza nguo, funga hiyo simu.

Ila ninavyoona tatizo letu sio ujamaa wala ubepari, ni hilo neno bure.

Enzi zile za matofali hakuna mtu aliyetuambia tumeletewa zawadi. Tulijua nani kabeba tofali gani. Sasa hivi darasa likijengwa, kabla hata rangi haijakauka kuna bango la shukrani, tunashukuru kwa kutuletea, wazee wamekodiwa ngoma, mwalimu mkuu anapiga magoti kwenye hotuba. Na zawadi si unajua ilivyo, zawadi huikagui. Mteja akinunua blauzi kwangu anaigeuza nje ndani, anaangalia kwapa, anavuta zipu mara kumi, ananusa kama ina harufu ya dawa ya mende, kwa shilingi elfu mbili! Lakini blauzi hiyohiyo nikimpa ya msaada anaivaa hata kama kifungo hakipo na asante juu. Ndo hivyo tunavyopokea shule na hospitali. Tunashukuru kwa sauti afu tunalalamika kijiweni kwa sauti ndogo.

Na si kweli kwamba ni bure. Sabuni unayonunua ina kodi ya VAT asilimia 18 ndani yake, vocha ya simu nayo wanakata, soda wanakata. Mi ushuru wa soko nalipa na mvua ikinyesha hamna mauzo hawanirudishii. Unakumbuka tozo za miamala Julai 2021, shilingi 10 mpaka 10,000 kila ukituma hela? Nililalamika na mimi kama wote mpaka wakapunguza. Lakini kuna kitu nilikiona kipindi kile sijawahi kukiona kabla wala baada. Watu wa kawaida kabisa, wabeba mizigo, mama lishe, walikuwa wanauliza hela yetu imejenga nini, kituo gani cha afya, tarafa gani, mbona kwetu hakipo. Serikali ikawa inataja vituo na madarasa mmojammoja. Kwanini waliuliza? Kwa sababu kwenye meseji ya simu uliona kabisa umekatwa. Ile VAT ya sabuni huioni ndo maana hujawahi kuidai.

Chukua na hii ruzuku ya elimu. Mwanafunzi wa shule ya msingi anatengewa shilingi 10,000 kwa mwaka mzima, kiwango ambacho kinatajwa hivyohivyo tangu enzi za MMEM. Mimi koti la baridi zuri nauza 10,000. Koti moja. Sasa hapo wanategemea chaki, karatasi za mtihani, kitasa cha mlango na kila kitu, ikiisha Machi mwalimu anaanza kuita kikao cha wazazi, wazazi nao wanamtukana mwalimu kwamba serikali imesema elimu bure we unataka mchango wa nini. Mwalimu kakaa katikati kama nyanya kwenye kikapu. Hiyo ndo bure.

Kwenye bima ya afya ndo utaona mitazamo yetu ilivyo kichekesho. 2022 ilivyotajwa ile 340,000 kwa familia ya watu sita nchi nzima ilipiga kelele, na mimi nilipiga maana nilijua majirani zangu nusu hawawezi. Novemba 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima kwa wote. Sasa hii CHF iliyoboreshwa, bima ya mfuko wa afya ya jamii, kwa huku kwetu ilikuwa 30,000 watu sita mwaka mzima, nikawashawishi wenzangu wa kikoba tukate. Mmoja akaniambia mbele za watu, "Yaani nitoe hela na siumwi, si najichuria!" Mama huyohuyo mwezi uliopita kachanga 50,000 harusi ya mtoto wa rafiki ya dada yake. Na hapo kwenye kikoba tuna mfuko wa msiba, kila wiki tunatoa na hakuna anayesema anajichuria kifo.

Nikafikiri sana kwanini, na jibu lilikuwa mezani. Sanduku letu la kikoba lina kufuli tatu na funguo wanashika wanawake watatu wanaokaa mitaa tofauti, kufungua lazima wote wawepo, hela inahesabiwa kwa sauti, hata anayesinzia anasikia. Ile kadi ya bima nilikata mimi mwenyewe, nikaenda nayo kituoni, nikaandikiwa dawa tano nikapewa mbili, tatu nikaambiwa duka la nje. Duka la nje liko mita ishirini kutoka getini na halijawahi kuishiwa. Sasa hapo utamlaumu yule mama kwa kukosa moyo wa ujamaa? Moyo anao, anamwaga kila wiki kwenye sanduku. Haoni funguo tu.

Na kuna hili la watu wenye sauti kuondoka kwenye foleni. Shuleni kwetu mtoto wa mwenyekiti wa kijiji, mtoto wa yule mganga na mimi wa baba aliyechomewa nyumba tulikaa dawati moja, bati likivuja tunalowa wote na kesho yake linazibwa. Leo mwenye uwezo kampeleka mtoto Inglishi midiamu, hospitali ana kadi ya kazini anatibiwa binafsi, anayebaki kwenye benchi la zahanati ni mimi na wenzangu ambao tukiongea hakuna anayeandika. Sisemi turudishe ile marufuku ya 1977 ya hospitali za biashara mpaka 91, hapana, hiyo nayo ilitutesa. Ila namuuliza msomaji wako bila ubaya wowote, mara ya mwisho umekaa benchi la zahanati ya serikali lini? Maana mtu anayesema tumezoea kubebwa ningependa aje aone tunavyobebwa.

Kuna bibi jirani yangu, zaidi ya miaka 70, pale kwenye dirisha imeandikwa kabisa mpishe mzee kwanza. Dirishani wakamwambia bibi huna kadi ya msamaha, nenda ukalete barua ya mtaa. Akaenda mtaani mara mbili mtendaji hayupo, mara ya tatu yupo akaombwa hela ya kutoa kopi. Akarudi na barua, ustawi wa jamii wakamuuliza una watoto? Akasema ninao watatu wako Dar. Basi bibi watoto unao, watakulipia. Hao watoto simu hawapigi, mmoja namba ilishabadilika. Na mume wake marehemu alilipa kodi ya kichwa kila mwaka mpaka ilivyofutwa 2003, risiti anazo kwenye pochi ya plastiki, alizitoa pale mezani akaziweka akidhani zitasaidia. Yule dada hakujua hata ni makaratasi ya nini. Bibi akaniambia tukiwa njiani, kumbe mimi nilikuwa naomba, mi nilidhani nimekuja kuchukua.

Tulirudi wiki iliyofuata nikaongea mimi kwa sauti kidogo, akapewa. Sijui ambao hawana jirani wa kuongea kwa sauti wanafanyaje.

Basi Mhariri nimeandika ndefu, ukitaka kupunguza punguza ila hiyo ya bibi usiitoe. Na nina ombi moja kwa waandishi wako. Kila nikifungua gazeti naona wananchi wapatiwa huduma bure, wananchi washukuru kuletewa kisima. Andikeni kisima kimejengwa kwa shilingi ngapi, za kodi gani, na nani anashika ufunguo wa pampu.

Yule dogo wa bodaboda amesema na yeye atakuandikia kunijibu. Mchapishe tafadhali, anaandika vizuri, ada yake tulilipa wote.

Mama wa mitumba,
Morogoro